Fundi wa Mabati Asiyemaliza Paa

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie kabla shule hazijafungwa, maana zikifungwa tu nimekwisha. Mimi ni mkunga, nina miaka thelathini na minne, nilitumwa na kanisa letu kufanya kazi kwenye zahanati ya misheni nchi ya mbali, na sasa mwaka wa pili unaelekea kuisha. Nasema mapema, kazi naipenda na siombi ushauri wa kurudi nyumbani, nimezalisha akina mama mia mbili na ushee hapa na sijapoteza hata mmoja, hata siku ile risasi zilipopigwa sokoni mchana kweupe nikamzalisha mama wa watu tumejibanza sakafuni nyuma ya kabati la dawa, mimi na yeye na mpishi wetu aliyeshika beseni huku kafumba macho.

Kasheshe ni mama yangu. Siku naondoka aliniapisha mlangoni, begi liko begani, kwamba nikisikia bunduki tu nafunga virago narudi, nikasema sawa mama, na kweli nilidhani ni sawa. Mwezi wangu wa pili tu huku, Jumapili baada ya ibada, naongea naye kwenye simu, mara zikalia upande wa soko, ta-ta-ta-ta, mama akashtuka, "We, nini hiyo?" na mdomo ukanitangulia, nikamwambia ni fundi, mama, anagongelea mabati ya paa la zahanati. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonijia, labda kwa sababu marehemu baba alikuwa fundi wa mabati na sisi wote tumelelewa kwa nyundo yake. Mpishi alikuwa pembeni anachambua mchele, alicheka mpaka akaumwaga, na tangu hapo kila zikilia ananiambia, "Sista, fundi wako kaingia kazini."

Tumezoea, Shangazi, na hilo linanitisha kidogo. Madirishani tumeegemeza magodoro, na siku hizi najua ya mbali na ya karibu bila kuinua kichwa. Mama naye, akipiga simu Jumapili, hata hajaniuliza nimeamkaje, anauliza, "Fundi amemaliza?" Nikisema bado, ananyamaza kidogo, ndipo aendelee na habari nyingine.

Sasa wiki iliyopita kanitumia ujumbe wa sauti, eti kwa kuwa huko kumetulia na tatizo ni kelele za fundi tu, likizo hii anakuja kunitembelea, na anakuja na binti yangu wa miaka saba, anayelelewa na yeye huko nyumbani, keshamshonea na gauni la safari, tiketi bado hajakata, anasubiri mimi niseme tarehe. Nilikaa kwenye ngazi za zahanati nikalia. Mwanangu, Shangazi! Mwezi uliopita tu ukuta wetu wa mbele ulipigwa risasi tatu, na tundu moja liko usawa wa kifua cha mtoto.

Nikisema ukweli atajua nimemdanganya muda wote huu, atataka nirudi, na nisiporudi sijui kama atanipa tena hata simu niongee na mtoto. Nimefikiria nimwambie kumezuka kipindupindu, au mpaka umefungwa, au nyumba ya wageni inabomolewa. Nimwambie lipi, lenye kumzuia bila kumtia hofu? Nijibu upesi.

Mkunga wa Mbali

*

Mkunga wa Mbali,

Kwanza pole, na hongera. Mtu anayezalisha sakafuni risasi zikipita, mama na mtoto wakatoka wazima, huyo namvulia kofia. Mimi tairi likipasuka barabarani naingia chini ya meza hii ninayoandikia. Haya, nimemaliza kukusifu. Sasa kaa vizuri.

Umeniandikia nikuchagulie uongo. Yaani mimi! Kipindupindu! Mama mwenye binti mkunga umwambie kuna kipindupindu, naye akae nyumbani atulie? Atapanda ndege kesho yake na ndoo ya sabuni mkononi. Umempiga chenga miaka miwili na sasa uwanja umekuishia.

Halafu soma barua yako mwenyewe, mwanangu, kama nilivyoisoma mimi mara mbili, miwani imeshuka puani. Baba yako alikuwa fundi wa mabati. Kwa hiyo mama yako ni nani? Ni mke wa fundi wa mabati. Amepika, amefua na amekunyonyesha wewe huku akisikia nyundo juu ya bati. Huyo ndiye unayemwambia ta-ta-ta-ta ni misumari? Fundi gani anapiga nyundo kwa kasi hiyo, tena Jumapili, tena kwenye paa la misheni, miaka miwili, na paa lenyewe la zahanati, si la uwanja wa mpira?

Alijua siku ile ile. Hakukuumbua kwa sababu aliona akikubana utamficha hata salamu. Ndiyo maana haulizi umeamkaje, anauliza fundi amemaliza. Ukisema bado, ananyamaza, na mimi nadhani hapo anakuombea. Na hilo gauni la mjukuu, tiketi haijakatwa, tarehe eti useme wewe! Nimelea mabinti watatu, mitego ya akina mama naijua. Amechoka kusubiri. Amekutajia mtu pekee ambaye hutathubutu kumchezea, ili useme "hapana mama, usimlete," na ueleze kwa nini. Na kama nimekosea, dawa ni ile ile, tena ya haraka zaidi, maana kuna mtoto anajaribisha gauni.

Usingoje Jumapili. Leo, kabla ya simu, nenda kwa mkuu wako wa kituo umuulize nani atawaondoa hapo hali ikichafuka na kwa njia gani, na usitoke ofisini kwake bila jibu. Kisha mpigie mama. Piga, usitume ujumbe wa sauti, utajificha humo. Neno la kwanza liwe "usimlete mtoto," la pili liwe bunduki. Mwambie soko, mwambie ukuta, mwambie na tundu. Halafu mwambie yanayokulinda. Likizo ya shule nenda wewe kwao, ukakae na mwanao, maana umesema mwenyewe kuzoea kunakutisha, na hilo usilipuuze. Sikuambii uache kazi, hujaniuliza. Lakini kile kiapo ulikula mbele yake mlangoni, na wa kukufungua ni yeye, ana kwa ana, si mimi gazetini.

Atafoka. Mwache afoke, usijitetee kwa kazi ya Mungu, Mungu hakukutuma umdanganye mama yako. Atalia pia, nawe utalia. Na akikuuliza kama kawaida yake, "Fundi amemaliza?" mjibu, "Hajamaliza, mama, ila leo nimemfukuza."