Nati ya Juu Kwanza

Mjukuu wangu Ghati,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Goti la bibi yako limepata nafuu. Hapa Robanda tembo wamekula mahindi ya shangazi yako, na mlinzi anaapa hakulala. Mimi simwamini.

Unauliza kama fundi wako huko Dodoma anakudanganya, kwa kuwa anasema nati ya kumwagia oili ya giaboksi imekwama na anataka gari libaki kwake.

Nilipokuwa kijana nilipeleka pikapu yangu kuukuu kwa Fundi Hamisi, Mugumu, abadilishe oili hiyohiyo. Nilikaa juu ya tairi nikimkodolea macho. Nati ya chini, ya kumwagia, iligoma, lakini yeye akaiacha, akaanza kuhangaika na ya juu, ya kujazia. Nikajua anajitafutia kazi ya ziada. Nikaondoa gari langu. Nyumbani kwetu Issenye nikaigonga spana kwa nyundo mpaka nati ya chini ikaachia, oili yote ikamwagika. Kisha ile ya juu ikakataa kabisa. Giaboksi ikawa kavu, na tundu la kutilia oili mpya limefungwa.

Nilimrudia kwa baiskeli. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Umeshamwaga?" Akachukua vyombo vyake, tukaondoka.

Mafundi bado siwaamini, mama. Ila huyo wako muulize ataanza kufungua nati ipi. Akisema ya juu, mwachie ufunguo. Akisema ya chini, ondoka na gari lako.

Ni mimi babu yako,
Mwita