Shikamoo Chini ya Maji

Mdogo wangu Zaituni,

Milima ya Uluguru imejifunika ukungu vilevile kama siku tuliyohamia hapa. Mimi sijambo.

Klabu ya kupiga mbizi ilisema nikishindwa jaribio la bwawani leo, siendi nao kisiwani Mafia mwezi ujao. Nikiwa chini na mtungi wangu wa hewa, mwanafunzi mwenzangu, binti wa chuo, akachomoa kipumulio mdomoni ili aniamkie. Shikamoo ikatoka mapovu, akapaliwa. Nikampa kipumulio changu cha akiba, tukapanda taratibu.

“Marahaba, mwanangu,” nilimjibu tulipoibuka juu. “Siku nyingine nipungie mkono tu.”

Mwalimu akacheka. “Bibi, Mafia unakwenda. Huyu mwenye adabu atarudia jaribio.”

Niombee maji maangavu, nami nakuombea magoti yasiyouma.

Dada yako,
Mwanaidi