Taji la Karatasi la Dada Kezia

Alhamisi, 4 Oktoba 1923

Kezia ametutoka jana alfajiri. Kichomi. Alikuwa anafua kanzu za kanisa la Thruxley tangu hajavunja ungo, na wiki iliyopita bado alikuwa anazipiga pasi.

Nimelia, nimenawa uso, nimekwenda kwa kasisi. Nataka dada asukiwe taji. Kasisi Pelling ni mgeni hapa, mtu wa London. "Taji gani tena, mama?" Ikabidi nimfundishe mambo ya kanisa lake mwenyewe! Aliyezaliwa na kubatizwa hapa, akafa hajaoa wala kuolewa na jina lake safi, hutengenezewa taji la karatasi. Hutangulia jeneza. Kisha huning'inizwa juu ya mlango Jumapili tatu, kila mtu apite chini yake. Pembeni zimefungwa glavu za karatasi. Mwenye neno juu ya marehemu avute moja mbele ya watu. Asipotokea mtu, taji hupandishwa ukutani na kukaa na mengine mpaka lioze lenyewe.

Akauliza kama kuna aliyewahi kuvuta. Sijaona, baba. Akakuna kichwa, akasema haoni raha kuchungulia usichana wa maiti. Haya, asione raha. Kezia ndoa hakupata, watoto hakupata. Hili atalipata!

Ijumaa, 5 Oktoba

Ambrose Tarrant kaleta fito za kupinda taji. Hakuna anayesuka nyua za mashamba kama yeye Hampshire nzima. Mkewe yuko hospitali ya wagonjwa wa akili tangu uzazi wake wa kwanza, hamtambui mtu, na sheria haiwaachanishi. Kezia alimhurumia, akawa anampa chakula cha mchana kila Jumapili. Ndiyo maana watu wana midomo.

Akakaa kizingitini, kofia magotini. "Hivi ni lazima, Thirza?"

"Lazima nini?"

"Hili taji."

Nikamwambia kama mikono inamuuma aniachie, nitapinda mwenyewe. Akazipinda. Vizuri sana, kusema kweli.

Jioni akapita Louisa Munday, mke wa mzee wa kanisa, eti kutoa pole. Macho yote kwenye glavu. "Utathubutu kuzitundika, shoga? Lisemwalo lipo."

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Chai yake hakuimaliza.

Jumamosi, 6 Oktoba

Tumemzika. Wasichana wawili wamebeba taji, nguo nyeupe, mbingu imejaa mvua na haikunyesha. Mawaridi ya karatasi hayakupata hata tone. Mungu alikuwa anatazama!

Ambrose alisogea mbele pamoja nasi. Nikamwonyesha nyuma, karibu na jiko la makaa. Si ndugu, nimweke wapi? Mbele kulikuwa na binamu zetu wa Andover ambao hata jina la Kezia walilikosea.

Jumapili, 7 Oktoba

Ya kwanza. Kasisi kauliza kama kuna mwenye neno, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Kimya. Louisa kapita chini ya taji kichwa kainamisha, utadhani litamng'ata.

Jumapili, 14 Oktoba

Ya pili. Kimya. Ambrose hakuja kanisani.

Jumatano, 17 Oktoba

Nyumba ya Kezia inarudi kwa mwenye shamba mwisho wa mwezi. Nimekwenda kufungasha, nikamkuta Ambrose bustanini anachimba viazi vya Kezia. Kakonda. Nikampa pai, akaishika tu.

Nikamwambia achague kitu cha ukumbusho. Akafikiri sana. Akasema anaomba mto.

"Mto upi?"

"Wake. Wa kulalia."

Mto wa maiti ni wa nini! Nikampa birika la chai. Akashukuru. Nimerudi nyumbani na hasira, na sijui nimemkasirikia nani. Siandiki zaidi.

Jumapili, 21 Oktoba

Niandike kabla ya ibada ya jioni.

Ya tatu. Kasisi kauliza. Mimi nimemkazia macho Louisa, namngoja athubutu. Louisa kimya! Nikashusha pumzi. Mara benchi la nyuma likalia.

Ambrose. Koti la Jumapili, ndevu kanyoa. Kaenda mlangoni pale, akainua mkono, akavuta glavu. Kanisa zima tuliisikia ile karatasi ikichanika.

"Sisemi alikuwa mbaya," akasema. "Atakayesema hivyo nitamng'oa meno, na awe mwanamke au mwanamume. Nasema hakuwa peke yake. Mnataka kumpandisha ukutani kama mtu ambaye hakupendwa na yeyote. Alipendwa. Mimi nilikuwepo. Miaka yote hiyo nilikuwepo."

Louisa kafunika mdomo kwa mkono, na hakuwa anacheka.

Kasisi kawa mweupe kama kanzu yake. Desturi inasema ndugu wa marehemu ndiye anayejibu, na ndugu ni mimi. "Bi. Annetts, unamkanusha mtu huyu?" Nikaomba anipe nafasi mpaka ibada ya jioni.

Nikikanusha, taji linapanda, na Ambrose ni mwongo mbele ya kijiji kizima mpaka afe. Nikikubali, linashuka leo leo, na jina la dada yangu litafuliwa kwenye kila kisima. Nimemtukana njia nzima mpaka nyumbani. Angenyamaza tu! Nani angejua? Mjinga, mjinga yule!

Kisha nikakaa. Kezia alikuwa anaimba akipiga pasi. Mimi niliyeolewa kanisani sijaimba jikoni hata siku moja. Nilikuwa nampelekea supu kwa huruma, masikini hana mtu, naye anapokea, anasema asante mdogo wangu. Kwa nini hukuniambia, Kezia? Ningekugombeza, najua. Ningekugombeza na usingeniambia tena. Lakini inaniuma. Inaniuma kuliko kaburi.

Kengele imeanza. Ambrose yuko langoni. Nimemwita aingie, kakataa: anasema watu wasije wakadhani tumepanga maneno. Basi kasimama kwenye upepo, anatazama viatu vyake. Hajui nitasema nini. Louisa kapita, kasimama, kamsalimia. Louisa!

Kofia nimevaa. Benchi letu la mbele lina nafasi ya mtu mmoja. Nitamwambia tukifika pale mlangoni, mbele yao wote, nitamwambia: Ambrose, njoo ukae mbele na sisi.