Mazimwi wa Mzee Walter

Uskoti, Jumapili jioni

Kwako dada yangu mpendwa Wawira,

Uko aje huko Kaaga, mwalimu wangu? Kikohozi cha mtoto wako Kendi kimepona? Na Mama kule Siakago, goti bado linamsumbua, ama ameshaenda shambani bila kusikia la mtu? Mimi ni mzima, ila baridi imenikausha midomo hata kucheka kunauma.

Juzi kwa simu uliniuliza, "Ireri, kwani ulienda ng'ambo kutunza wazee ama kucheza na mazimwi?" Ukacheka mpaka salio likaisha. Sasa acha nikueleze vizuri, maana kumetokea jambo.

Katika hii nyumba ya wazee ninakofanya kazi kuna mzee anaitwa Walter, zamani dereva wa treni. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikuwa anatuendeshea mchezo mezani, wazee watatu na mimi nikitoka zamu. Kila mchezaji ni shujaa wa kubuni. Walter ndiye anasimulia safari yetu na kucheza kwa niaba ya mazimwi wote tunaokutana nao. Mbele yake husimamisha kadibodi iliyokunjwa, na kwa ndani amebandika vikaratasi vya kumsaidia: kanuni, majina, nguvu za kila zimwi. Kando ya kila zimwi ameandika namba ya moyo. Mkubwa wao akianguka, Walter anatupa dadu mbili. Zikizidi ile namba, waliobaki wanavunjika moyo na kutoroka.

Siku moja nikamwambia, "Si ni mazimwi tu? Wapigane mpaka wafe."

Akaniangalia kama nimemtusi. "Hata zimwi anataka kufika kwake salama, Ireri."

Nikamweleza juu ya wale nyani wa huko nyumbani waliokuwa wakitumalizia mahindi, vile dume kubwa likipigwa jiwe wote walikuwa mbio hadi kilimani. Alifurahi sana!

Halafu akapata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia hauna nguvu, na hasemi neno. Analala amegeukia ukuta. Nikimletea kijiko cha supu anafunga mdomo. Daktari alisema maneno huenda yakarudi, huenda yasirudi. Dada, nililia ndani ya stoo ya mashuka. Tangu tumzike Baba, hakuna mzee mwingine aliyenizoea hivyo.

Bi Edith, mchezaji mwenzetu, ndiye aliyenikuta huko. "Futa macho," akasema. "Tupeleke mchezo chumbani kwake. Wewe utaendesha."

"Mimi sijui, Bi Edith."

"Kila kitu kiko kwa kadibodi. Utasoma."

Basi tukajibana kando ya kitanda. Nikachanganya majina, nikapotea kati ya vile vikaratasi. Walter hakugeuka. Tukafika pangoni, shujaa wa Bi Edith akampiga mkubwa wa mazimwi shoka, zimwi akaanguka. Kwa wasiwasi nikapaaza sauti, "Wengine wanawarukia!"

Kitanda kikalia. Walter alikuwa amegeuka, uso umeiva kwa hasira, mkono wa kushoto unapiga godoro. Mdomo ukahangaika.

"Mo... moyo."

"Moyo unakuuma?" Bi Edith akashika kengele ya kumwita muuguzi.

Walter akatikisa kichwa kwa nguvu, akaielekezea kidole ile kadibodi. "Moyo! Tu-pa!"

Nilikuwa nimesahau, dada! Nikatupa dadu. Zikazidi.

"Wanatoroka," nikasema.

Walter akacheka kwa nusu ya uso, machozi yakimshuka. Kisha akaonyesha bakuli la supu lililokuwa limepoa, na akala lote.

Siku hizi anakaa mezani nasi kwa kiti cha magurudumu. Maneno bado ni ya kuhesabu, lakini nikikosea kanuni hayamkosi!

Nimepewa likizo, Krismasi nitakuwa nyumbani. Niliogopa kumwambia Walter. Nilipomwambia, alitafuta neno muda mrefu, nami nikangoja.

"Nani," akauliza, "ataendesha?"

"Wewe," nikamjibu.

Akavuta kadibodi kwa ule mkono mzima, akaisimamisha mbele yake.

Nisalimie shemeji Mutwiri, mume wako mvumilivu, na umbusu Kendi. Ukifika Siakago umsalimie Mama, pia jirani yetu muuza nyama ambaye humbebea maji. Mwambie Mama aanze kunisikilizia mlangoni.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Ireri