Mkono Usiosikia Moto

Jumatatu, 3 Machi
Mume wangu kashika trei ya moto bila kitambaa. Hakusema hata "aa!" Mimi niliyekuwa kaunta ya duka letu la mikate ndiye niliyesikia harufu ya ngozi. Nikapiga kelele, yeye ananishangaa: "Kuna nini tena, Meneja?" Kiganja chote malengelenge. Anasema hakimuumi. Kumbe ni miezi sasa mkono wa kulia hausikii moto wala baridi! Na kile kisogo kinachomgonga kila akikohoa, aliniambia ni mto mbaya. Nimembadilishia mito mitatu. Mwanamume huyu!

Alhamisi, 13 Machi
Majibu ya picha ya MRI. Daktari wa upasuaji, mama mpole mwenye miwani mikubwa, katuchorea kwenye karatasi. Sehemu ya nyuma ya ubongo imeshuka kwenye tundu la chini ya fuvu. Kazaliwa hivyo. Imebana njia ya maji yanayozunguka ubongo, na maji yamejifanyia kifuko ndani ya uti wa mgongo, pale shingoni. Kifuko ndicho kinachoua neva za mkono.
Kisha mume wangu: "Yaani ubongo umeumuka ukazidi chombo?" Daktari kacheka mpaka kavua miwani.
Dawa ni kupasua. Atatoa kipande cha mfupa wa kisogo, atie kiraka kwenye utando, nafasi ipatikane. Kifuko hakigusi. Njia ikifunguka, maji hupungua yenyewe — mara nyingi. Silipendi hilo "mara nyingi". Kilichokwisha kupotea huenda kisirudi. Lengo ni kisiongezeke.
Tulipofika nyumbani: "Nilikwambia nina akili nyingi, ukabisha." Nimecheka. Kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumatano, 19 Machi
Hataki kupasuliwa. Eti mkono mmoja unatosha. Siku mbili tunasemeshana kupitia binti yetu.
Leo nimemkuta anakanda unga peke yake. Nyama ya chini ya kidole gumba cha kulia imeisha, pamebaki shimo; mkono haubani tena, donge linamponyoka. Nimenawa, nimesimama kulia kwake, nikakanda upande wangu. Donge lilipolainika, kasema bila kunitazama: "Basi kaniulizie tarehe."

Jumatatu, 24 Machi
Nimemnyoa kisogo mwenyewe, nesi kanikubalia. Miaka kumi na minne ya ndoa, sikujua ana kidoti pale nyuma! Nimekibusu. "Meneja, kuna watu," kasema. Wawepo.

Jumanne, 25 Machi
Kaingia saa mbili asubuhi.
Saa tano — bado. Mama mkwe anasali, mimi nahesabu vigae.
Saa nane na nusu — katoka! Kaniita. Neno lake la kwanza: nani yuko dukani? Mjinga wangu.

Jumamosi, 29 Machi
Shingo ngumu kama ubao. Anatapika. Mkono uko vile vile. Nimelia chooni, nikafungua bomba wasinisikie. Niliporudi, binti yetu alikuwa anamlisha supu kwa kijiko: "Fungua geti, baba." Naye anafungua, mtu mzima na ndevu zake.

Jumatatu, 23 Juni
Naandika hapa hapa kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari. Miezi mitatu. Leo kapigwa picha nyingine.
Mwezi huu wote hakohoi akishika kisogo. Lakini kuhusu mkono hasemi anavyojisikia, na mimi siulizi. Naogopa jibu.
Mlango uko wazi kidogo. Namwona daktari kaweka picha mbili sambamba, ya zamani na mpya. Kainama. Kavua miwani, kaifuta, kavaa tena. Uso wake hausomeki!
Mume wangu, kando yangu, kaniona nachungulia. Kaushika mkono wangu wa kushoto kwa ule wake wa kulia. Anabana. Nimemwambia aache, pete inaniumiza.
"Inakuuma kweli?" kauliza. Macho yamemtoka. "Hebu ngoja." Kabana tena —