Ishia Hapahapa, Mama

Kaka Osia,

Udongo wa kaburi lako pale Vwawa ulititia, tukaongeza mwingine. Wifi hajambo, anahangaika na kahawa. Mimi bado nazunguka na kazi uliyonifundisha, ya kuuliza watu maoni yao: wanawaonaje viongozi, maisha yanaendaje, kama wanaogopa kusema wanachofikiri. Hilo swali la kuogopa, kaka, siku hizi najiuliza mwenyewe.

Unakumbuka nilivyokuwa nakucheka? Ukimaliza mahojiano, mwenyeji akiinuka kukusindikiza kama ilivyo kawaida yetu, wewe unamzuia mlangoni. "Ishia hapahapa, mama." Huko Mbozi walikuona una maringo. Hata mimi niliona huna adabu, mtu kakupa ndizi na kahawa halafu unamkatalia hatua mbili! Ukanijibu, "Jina lake hatuliandiki, lakini akinisindikiza barabarani kila mtu atajua nilikuwa kwa nani."

Wiki iliyopita nilikuwa Isongole. Nyumba baada ya nyumba, jibu moja: "Hali nzuri tu, tunashukuru." Kwa wazee, kwa vijana, maneno yaleyale. Nikajua kuna watu wametutangulia. Aliyefunguka ni mama mmoja tu, mjane. Alisema yote, kaka, mpaka nikawa natamani apunguze sauti. Tulipomaliza nikamwomba aishie mlangoni. Akacheka sana. "Mwanangu we, mgeni wangu uondoke kama umefukuzwa?" Akajitwika mkungu wa ndizi, akanifikisha mpaka kwenye bodaboda, mbali na kwake, akanipungia mkono. Ng'ambo ya barabara walikuwa wamekaa wanaume wawili. Hawakuwa wanauza kitu wala kununua.

Jana mmoja wao alinikuta hapa Tunduma, nakula chipsi. Akavuta kiti, akaniita Neema. Jina langu sijawahi kumpa.

"Yule mama wa ndizi alikwambiaje?"

Nikamjibu nimehoji wengi, sikumbuki. Akatabasamu vizuri kabisa. "Basi ukirudi utatuonyesha kwake, tumsalimie."

Na kurudi narudi. Ofisi imenipangia Jumatatu nikahakiki majibu ya majirani zake, na yule mtu alijua hata kabla sijamwambia mtu. Naogopa, kaka. Chipsi zile niliziacha. Ungekuwepo ningekupigia simu, ungenifokea kwanza, halafu ungekuja.

Lala salama, mwalimu wangu. Safari hii nakuahidi nitashika ulichonifundisha. Njia ya Isongole ni moja, inapita mbele ya uwanja wake, na mchana huwa nje anaanika mahindi. Nitapita bila hodi, bila hata salamu, kama mtu asiyemjua. Najua ataniona. Ataacha mahindi yake, ataniita "mwanangu" kwa sauti yake ile kubwa, na mimi sitageuka.

Mdogo wako,
Neema