Chuma cha paja la kushoto

Jumanne, mangaribi

Kwa hiyo sasa mume wangu, Baba Zaina, anajua.

Fomu ya munganga wa hospitali ndiyo iliyoniumbua. Mama na dada yangu wote wawili walikufa kwa saratani ya matiti, ndiyo maana munganga anataka niende Kinshasa kupigwa ile picha ya mashine wanayoita IRM, matiti tu, kabla uvimbe haujaanza kushikika kwa mkono. Akauliza: "Mama, uko na chuma ndani ya mwili?"

"Hana," mume wangu akajibu upesi.

Mimi nikasema: "Niko nacho. Kipande cha bomu, paja la kushoto."

Munganga akaweka kalamu chini. Akasema mashine ile ni sumaku kubwa, inaweza kukivuta. Kwanza nipigwe picha ya kawaida ya paja, waone kimelala wapi.

Wakati wa vita, mwenye jeraha la bomu aliitwa mpiganaji. Mama akanifundisha kusema nimejikata na jembe. Vita viliisha, nikaolewa na uongo wangu. Mume wangu aliliamini lile kovu, na tangu arusi hajaniruhusu kushika jembe. Shamba letu la Mikelenge analilima peke yake.

Picha ya Kinshasa ninaiogopa, sitajidanganya. Mama alikuwa na umri wangu huu...

Tulipofika nyumbani mume wangu akaingia ndani, akatoka na jembe, akalitia mkononi mwangu.

"Mama Zaina, kesho tunaenda wote."